Ukurasa Nilioukata

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba akiba haiozi. Mimi nimelelewa na methali hiyo. Kwetu hata mfuko wa sukari ukiisha huoshwa, ukaanikwa na kuwekwa. Lakini mwaka jana nilijifunza kwamba akiba inaweza kuharibikia mikononi mwa yule yule aliyeiweka, tena asijue. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Keti kitako, unitegee sikio, nikusimulie habari za kurasa ninazozibeba kutoka mjini hadi kijijini, na habari za ukurasa mmoja nilioukata vibaya. Nina ombi pia, ila hilo nimeliweka mwisho.

Kwanza nikueleze nitokako. Kijiji chetu kiko ndani kidogo kutoka Mariakani, ukishika barabara ya Kaloleni kisha ukaiacha na kuingia minazini. Umeme tunao, tunamshukuru Mungu. Tusichokuwa nacho ni netiweki. Ukitaka kupiga simu ni lazima upande juu ya kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ya Nyanya, uinue mkono kama mtu anayeomba mvua, na hata hapo sauti huja vipande vipande. Intaneti ndiyo usiitaje kabisa. Basi mwalimu akisema, "Someni zaidi mtandaoni," wenzangu wanaokaa mjini huandika daftarini na kutabasamu. Mimi huandika na kuhesabu sarafu mfukoni.

Mjini, karibu na stendi ya matatu, kuna saiba ya dada mmoja. Anatoza shilingi moja kwa dakika. Shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo tukitoka saa kumi jioni nina kama nusu saa hivi kabla sijaanza safari ya miguu ya kurudi nyumbani, la sivyo giza litanikuta njiani. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilikuwa nikinakili kwa mkono. Nilikuwa naandika mbio mbio mpaka vidole vinakufa ganzi, na shilingi zikiisha nimepata aya mbili tu kuhusu volkano.

Siku moja yule dada alinitazama akacheka. "Wewe mtoto, mbona unajitesa hivyo? Bonyeza Ctrl na S pamoja, ubebe ukurasa wote uende nao kwenu."

Nilibonyeza. Kidirisha kikafunguka kikaniuliza nataka kuuhifadhi ukurasa wapi. Nikachomeka flashi niliyoazima kwa rafiki yangu, na kufumba na kufumbua kurasa tatu zikawa zangu. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeokota dhahabu. Kaka yangu aliyeko chuo cha ufundi alikuwa ameniachia kipakatalishi chake kikuukuu. Betri yake imekufa, ukichomoa waya tu kinazimika, lakini kikiwa kwenye umeme kinafanya kazi vizuri. Jioni ile niliwaita watu wote wa nyumbani waje waione intaneti.

Lo! Maandishi yalikuwapo, lakini kila mahali pa picha palikuwa na kisanduku kitupu. Nyanya alisogeza uso karibu, akatazama kwa makini, kisha akauliza, "Ndiyo hii yenyewe? Mbona ina matundu kama kanga iliyoliwa na panya?" Watu walicheka mpaka mbwa akaanza kubweka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze mzima mzima.

Kesho yake nilirudi saiba kulalamika. Yule dada akanieleza nilichokosea. Ukurasa wa tovuti si kitu kimoja kama karatasi ya kitabu. Maandishi yako kwenye faili moja, na picha ziko kwenye faili zake nyingine, kila moja peke yake. Ukihifadhi ukurasa mzima, kivinjari hukupa vitu viwili: faili ya maandishi, na folda yenye jina lile lile ambayo mwishoni imeongezewa neno "files". Folda hiyo ndiyo tumbo la ukurasa. Mimi nilipokuwa nikihamisha vitu kwenye flashi ya pili nilibeba faili nikaiacha folda, nikidhani ni takataka. Ukivitenganisha viwili hivyo, au ukiibadilisha folda jina, faili haizioni picha tena, maana inazitafuta mahali palipoandikwa ndani yake na hapo hapana kitu. Aidha, kuna kivinjari kinachoweza kukufungia ukurasa pamoja na picha zake zote ndani ya faili moja. Hiyo ni njia nzuri kwa mtu msahaulifu kama mimi. Lakini faili ya namna hiyo ni ngumu kuirekebisha kwa mkono, na mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuonja utamu wa kurekebisha.

Utamu wenyewe ulianza hivi. Usiku mmoja nilifungua faili ya ukurasa kwa Notepad badala ya kivinjari. Nilishtuka, nikadhani nimeharibu. Skrini nzima ilijaa alama zilizochongoka, herufi na tarakimu, na katikati yake maneno ninayoyajua yakichungulia kama watoto nyuma ya mlango. Kumbe ile ndiyo mifupa ya ukurasa. Lugha hiyo inaitwa HTML, na aliyeibuni ni Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, huko Uswisi. Alitoa pendekezo lake mwaka wa 1989, na tovuti ya kwanza duniani ikafunguliwa kwa umma mwaka wa 1991. Vile vijialama vinaitwa tegi. Tegi moja hufungua na nyingine hufunga. Ya "p" inazunguka aya, ya "h1" inazunguka kichwa cha habari, na ya "img" inaita picha. Nilijifunza kwa kubahatisha. Nafuta kitu, nahifadhi, nafungua kivinjari naangalia kilichobadilika. Nikiharibu, narudisha.

Ndugu msomaji, kurasa za tovuti zina uchafu mwingi. Kuna matangazo ya viatu, ya mikopo na ya dawa za kunenepa. Kuna vifungo vya kukuambia ujiandikishe, na programu ndogo ndogo ambazo ukiwa huna mtandao huhangaika kuutafuta na kuuchelewesha ukurasa kufunguka. Mimi nikawa fundi wa kufagia. Nilifuta matangazo, nikafuta zile programu, nikazikuza herufi ili Nyanya aweze kusoma bila miwani. Ukurasa na folda yake uliokuwa na megabaiti tatu ulikuwa unabaki na kilobaiti chache tu. Habari zikaenea shuleni. Wenzangu wakaanza kuniletea flashi zao niwawekee kurasa za Biolojia na Historia, na mwalimu mmoja akanibandika jina la "Daktari wa Kurasa". Nami, nisikufiche, kichwa kilianza kuvimba. Nilijiona mtu wa maana sana.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana mvua za vuli zilianza kunyesha. Kwetu mvua ikinyesha majani huwa marefu na nyoka huonekana zaidi. Nyanya akaniambia, "Wewe unayeleta kila kitu kutoka huko mjini, mbona hujatuletea la nyoka?" Nikaona ni wazo jema. Nilienda saiba nikapata ukurasa wa Kiswahili kuhusu huduma ya kwanza kwa mtu aliyeumwa na nyoka. Ulikuwa mzuri na lugha yake nyepesi. Nikauhifadhi kwa jina la nyoka.html, nikaenda nao nyumbani kuufagia.

Ukurasa ule ulikuwa na matangazo mengi upande wa kulia. Nilipoufungua kwa Notepad niliona kwamba matangazo yote yamewekwa ndani ya tegi iitwayo "aside", yaani mambo ya kando. Nikasema, ah, leo kazi ni rahisi. Kila nilipokutana na tegi hiyo nilifuta kuanzia inapofunguka hadi inapofungwa. Zilikuwa tano. Nilifuta zote tano bila kusoma kilichomo, maana ya kwanza lilikuwa tangazo, ya pili tangazo, ya tatu tangazo. Ya nne na ya tano ya kazi gani kusoma? Nikahifadhi juu ya faili ile ile. Ukurasa ukatoka safi kama sahani iliyooshwa. Niliugawa kwa watu tisa, wengine wa kijijini na wengine wa hapa shuleni.

Novemba tukiwa likizoni, jioni moja baada ya magharibi, tulisikia mayowe kutoka kwa Baba Mdogo. Mwanawe wa miaka saba, ambaye kwetu sisi ni ndugu tu, alikuwa ametoka kuiingiza kuku bandani. Kitu kilimuuma kwenye kifundo cha mguu, kikateleza kikapotelea majanini. Nyoka mwenyewe hatukumwona. Tuliona matundu mawili madogo, na mguu ukianza kuvimba.

Watu walijaa uani na kila mtu akawa na lake. Mmoja alitaka wembe, mwingine alitaka jiwe jeusi, mwingine alisema apewe maziwa. Baba Mdogo alikuwa ameshika kamba ya katani mkononi. Hata hivyo hakuifunga mara moja. Aligeuka akanitafuta kwa macho, akaniambia, "Mwanangu, kimbia ukaangalie hiyo mashine yako. Inasemaje kuhusu kufunga kamba?"

Nilikimbia. Nilikifungua kipakatalishi mikono ikitetemeka. Ukurasa ulisema mgonjwa atulizwe asiogope, asitembezwe, mguu usitikiswe, avuliwe chochote kinachobana, na apelekwe hospitali haraka iwezekanavyo. Nikatafuta neno "kamba". Halikuwapo. Nikatafuta "wembe". Halikuwapo. Nikarudi mbio nikawaambia waliyopasa kuyafanya.

"Na kamba?" Baba Mdogo akauliza.

"Kuhusu kamba hausemi kitu, Baba."

"Basi kama haukatazi," akasema, na akaifunga chini ya goti, akaikaza kwa nguvu zake zote.

Pikipiki ilichukua muda kupatikana, na barabara ilikuwa tope tupu. Baba Mdogo alikaa nyuma akimpakata mtoto. Mimi nilibaki nyumbani na Nyanya, na usiku ule hakuna aliyelala. Niliyoyasikia ni yale aliyotusimulia Baba Mdogo kesho yake. Walipofika hospitali mguu chini ya kamba ulikuwa umebadilika rangi na umekuwa baridi. Muuguzi hakupiga kelele. Aliita daktari kwanza, dawa zikaandaliwa, ndipo kamba ikafunguliwa taratibu huku wakimwangalia mtoto kwa makini. Kisha akauliza, "Nani alifunga hii?" Baba Mdogo akasema, "Ni mimi." Daktari akamweleza kwamba kamba haizuii sumu namna watu wanavyodhani, bali huinyima nyama damu, na kama wangechelewa zaidi huenda mtoto angepoteza mguu.

Mtoto alikaa hospitali siku kadhaa. Alipona, tunamshukuru Mola. Lakini alirudi na kidonda pale kamba ilipokata ngozi, na alichechemea kwa muda mrefu.

Nilianza kuwa na wasiwasi. Mbona ukurasa mzuri namna ile usitaje jambo kubwa namna hiyo? Nikataka kuutazama ukurasa wa asili, ndipo nikakumbuka kwamba sinao. Niliuandika juu yake. Nikachukua shilingi kumi nikaenda saiba, nikaufungua tena ukurasa ule mtandaoni.

Sikuhitaji hata kushuka chini. Palikuwa na kisanduku chekundu, kikubwa, karibu kabisa na mwanzo wa habari. Kichwa chake kilikuwa kinasema mambo ambayo hupaswi kufanya. La kwanza: usifunge kamba. La pili: usichanje kwa wembe. La tatu: usinyonye sumu kwa mdomo. Na kisanduku hicho chote kilikuwa kimewekwa ndani ya tegi ya "aside". Ilikuwa ile ya nne.

Mpenzi msomaji, nilikaa pale mpaka yule dada wa saiba akaja kuniuliza kama naumwa. Aliyeandika ukurasa ule alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Lile onyo alilitenga kando na kulipaka rangi ili lionekane kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nililitupa pamoja na tangazo la viatu.

Sasa nitasema lile linaloniona haya zaidi ya yote. Sikumwambia mtu. Kijijini watu walikuwa wanamsema Baba Mdogo. Nilikuwa nasikia kisimani, "Yule bwana nusura amkate mwanawe mguu kwa ujinga wa zamani." Naye alikuwa akisikia, akiinamisha kichwa na kupita. Nami nilinyamaza. Nilinyamaza wiki nzima. Kila nikikiona kile kidonda nasema moyoni, nitasema kesho.

Jumapili moja nilimkuta peke yake chini ya mnazi akitengeneza jembe. Nikapiga magoti nikamwambia yote: kisanduku chekundu, tegi tano, na vile nilivyofuta bila kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia kofi, au matusi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema polepole, "Kamba niliifunga mimi, si wewe. Lakini mwanangu, mimi nilikuuliza. Nilikuwa nimeiacha kamba ile mkononi nikikungojea wewe."

Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo yoyote niliyowahi kuchapwa. Jioni ile ile nilimwomba Nyanya awaite wazee, nikayarudia mbele yao, ili lawama iende inakostahili. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Janga nililichuma mimi, na mimi ndiye niliyekaribia kuwaachia wa kwetu walile peke yao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma zaidi kuhusu nyoka na kuhusu kurasa. Kuhusu nyoka, nimejua kwamba Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufariki dunia. Mwaka wa 2017 shirika hilo liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Wengi wa wanaoumwa ni watu wa vijijini, yaani watu kama sisi ambao netiweki haiwafikii. Kwa hivyo anayehitaji sana ukurasa wa kubebwa ndiye huyo huyo asiyeweza kwenda kuulinganisha na ule wa asili. Anachopewa ndicho hicho, na pale ukurasa unaponyamaza yeye hujaza mwenyewe.

Kuhusu kurasa, nimekuta kwamba wakubwa wa kazi hii walikwisha kufikiri zamani. Huko Marekani kuna maktaba iitwayo Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka wa 1996. Tangu mwaka wa 2001 mtu yeyote anaweza kuingia katika sehemu yake iitwayo Wayback Machine akaona tovuti zilivyokuwa miaka iliyopita. Kila nakala yao ina anwani yake na tarehe iliyochukuliwa, na hawaipambi. Ni jambo la maana, kwa sababu kurasa hufa. Kulikuwa na mtandao mmoja mkubwa, GeoCities, ambapo watu wa kawaida waliweka kurasa zao. Ulipofungwa mwaka wa 2009, kilichosalia ni kile ambacho watu walikuwa wamewahi kukinakili. Ungefanyaje basi kama nakala iliyosalia ni ile iliyofagiwa na mtu kama mimi?

Nimejifunza pia kutoka kwa Wikipedia, ambayo sisi wa Kiswahili tunayo ya kwetu tangu mwaka wa 2003. Leseni yake inakuruhusu kunakili, kugawa na hata kubadilisha, lakini kwa masharti. Useme umeitoa wapi, na useme kwamba umebadilisha. Zamani nilidhani masharti hayo ni ya mahakamani tu. Siku hizi naona ni adabu kwa msomaji. Tena si kila ukurasa una ruhusa kama hiyo. Kujihifadhia ili usome ni jambo moja, na kurekebisha kazi ya mtu kisha ukaigawa ni jambo jingine.

Basi siku hizi nafanya hivi. Kila ukurasa nauhifadhi mara mbili. Nakala ya kwanza naiweka katika folda niliyoiita Asili, na hiyo siigusi hata iwe na matangazo mia. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nakala ya pili ndiyo ninayoifagia, na mwanzoni mwake naandika mambo matatu: nimeutoa wapi, tarehe niliyoutoa, na nilichokiondoa. Kabla sijafuta kitu nakisoma chote, hata kama ni tangazo la viatu. Nikimaliza naziweka nakala mbili pamoja kwenye skrini, nasoma mstari kwa mstari, kisha nampa mtu mwingine asome. Na kurasa za dawa na matibabu sizikati kabisa. Nazigawa kama zilivyo, uchafu na yote. Afadhali Nyanya aone tangazo la mikopo kuliko akose neno moja la daktari.

Je, kazi yangu imekuwa ya polepole? Ndiyo. Zamani nilikuwa nafagia kurasa nne kwa jioni moja, sasa nikimaliza moja nashukuru. Wengine wamekoma kuniletea flashi kwa sababu nachelewa. Siwalaumu. Haraka ya kwangu waliipenda, na mimi mwenyewe niliipenda.

Nimefika kwenye lile ombi nililolitaja mwanzoni. Nilisema niliugawa ukurasa ule kwa watu tisa. Baada ya kuungama nilienda nyumba kwa nyumba kuukusanya na kuwapa ulio kamili. Saba niliwapata. Wa nane amehamia Mombasa na sijui anakaa mtaa gani. Wa tisa ni mwenzetu wa hapa shuleni, na aliniambia kwamba naye aliwagawia wenzake, hakumbuki ni wangapi. Kwa hivyo ukurasa nilioukata bado unatembea. Huenda uko kwenye flashi iliyo mfukoni mwako sasa hivi, na huenda uko kwenye simu ya mama yako.

Tafadhali, mwanafunzi mwenzangu, ukifika nyumbani leo angalia. Ukikuta faili iitwayo nyoka.html, yenye herufi kubwa na isiyo na tangazo hata moja, ifungue utafute neno "kamba". Usipoliona, hiyo ni yangu. Ifute, kisha niletee flashi yako wakati wa mapumziko ya saa nne nikuwekee ulio mzima. Sitakutoza kitu. Na kama uliwahi kumpa mtu mwingine, nawe mtafute.

Mtoto wa Baba Mdogo sasa anacheza mpira, ingawa alama ya kamba iko pale pale chini ya goti. Juzi aliniona nikiandika makala hii akauliza naandika nini. Nikamwambia naandika juu ya mguu wake. Akasema, "Usisahau kuandika kwamba sikulia." Nami nimeandika, ila mimi nilikuwa pale. Alilia.